Gunzi Lililowekwa Miguuni Pako

Senje Rasoa,

Mlio ule bado ninao. Haukuwa mkubwa. Lilikuwa gunzi kavu la mahindi, lililopukuchuliwa hadi likabaki jeupe, likigonga ubao wa sanduku lako upande wa miguu. Sanduku lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili nje ya chumba chako, mbao zake nyembamba, chini yake hewa tupu, kwa hiyo ubao uliitika kama ngoma iliyolegea. Watu walikuwa wakiimba wimbo wa kanisa. Nilidhani wimbo ungeufunika mlio huo. Mpaka leo nikigonga kifutio dirishani kutoa vumbi la chaki, wasichana wangu wa darasa la sita huniona nimesimama, mkono hewani, wakadhani nimesahau somo.

Nisamehe kwa kuanza hivyo. Ulipenda salamu ndefu. Hukumruhusu mtu aingie kwenye habari kabla hajaulizwa juu ya kuku, mvua na kifua cha Baba. Kuku wapo. Mvua ilichelewa, kisha ikaja kwa hasira. Kifua cha Baba kimetulia, ingawa bado anavuta kile kiko akidhani hatusikii harufu.

Nakuandikia kwa sababu limetokea jambo ambalo lilikuwa kazi yako, nawe hupo. Wanataka kumrudisha Perisi kwao. Ni wewe uliyemfunga Perisi kitambaa kichwani siku kaka yangu Hezroni alipomleta nyumbani kama mke wake, ukamwambia mbele ya landi nzima ya wafanyakazi wa reli kwamba Hezroni anakoroma kama injini ya treni inayopanda Timboroa, na kama hataki bado kuna gari la kurudi jioni. Alicheka mpaka akasahau kulia. Sasa ni mwaka wa nne na hajapata mtoto, na lile gari la kurudi limeacha kuwa mzaha.

Kwetu msichana asiyeolewa hamwambii baba yake mambo ya ndani. Humwambia senje, dada ya baba, naye senje hujua saa ya kumkuta kaka yake ameshiba. Hivyo ndivyo ulivyomweleza Baba kwamba sitaki kuolewa kabla ya kumaliza chuo cha ualimu. Hivyo ndivyo ulivyomweleza hata juu ya damu yangu ya kwanza, ili aache kunituma dukani siku zile. Nyumba yetu ilikuwa na senje mmoja tu. Tangu mwezi wa nne, tulipokuzika, nimekuwa na neno ambalo sina mtu wa kulibeba.

Nyanya Damari, mkongwe wa ukoo wetu, ndiye aliyeliweka gunzi. Alilitoa chini ya shali yake, bila kuficha na bila kujionyesha, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. "Mpe mzigo wake," aliwaambia wanawake waliokuwa karibu. "Asirudi kutudai watoto." Najua ni desturi ya ukoo wetu. Mwanamke aliyekufa bila kuzaa hupewa gunzi, ili ajue kwamba punje zake zilikwisha na asiwasumbue walio hai. Nimelijua hilo tangu utotoni, kama nijuavyo kwamba moto unachoma. Lakini sikuwa nimewahi kuona gunzi likiwekwa kwa mtu ambaye nimelala kitandani kwake, mgongo wangu tumboni mwake, kwa sababu huko kwako Keringet kuna baridi na blanketi lilikuwa moja.

Nilikuwa nimeshika fungu la maua ya pareto waliyoyachuma wenzako wa shambani. Niliyatazama maua. Baba aliitazama kofia yake. Mhubiri alikuwa akitafuta ukurasa.

Lililoniuma zaidi sijalisema mahali. Asubuhi ya siku hiyo hiyo wanawake wetu walikuwa nyuma ya chumba chako wakichambua mboga za wageni, wakamtaja yule aliyekuwa mume wako, aliyekurudisha kwetu. Mmoja akasema, "Yule mzee ameoa watatu, amerudisha watatu. Hata paka ya nyumba yake haizai." Mwingine akadakia, "Mwache. Anatafuta bibi wa kujizalia peke yake." Walicheka hadi mmoja akafuta machozi kwa mkono wenye majani ya mboga. Walijua, Senje. Wote walijua. Halafu saa ya sanduku ilipofika wakasogea, taratibu, kumpisha Nyanya Damari apite na gunzi lake. Niliona haya kwa ajili yao na kwa ajili ya Baba. Nikaona haya pia kwa ajili yangu, msichana aliyesomeshwa miaka yote ile ili aweze kuchora ua na kuzipa sehemu zake majina.

Unakumbuka likizo niliyokuja kwako na kile kitabu kikubwa cha mimea? Nilipanda basi Nakuru, likapita Njoro, likapita Molo, na kila tulivyopanda abiria walivaa nguo nyingine juu ya nguo. Ulikuwa umepewa chumba katika laini za wafanyakazi, chumba cha watu waliochukuliwa na serikali kwa malori mwaka Hali ya Hatari ilipotangazwa. Nyuma ya mlango mtoto wao alikuwa ameandika jina lake kwa mkaa. Hukulifuta. Ulisema huenda siku moja akarudi akalitafuta. Nje, pareto ilikuwa imefunguka mpaka kwenye ukungu, nyeupe hadi macho yanauma, na vidole vyako vilikuwa na harufu yake hata baada ya kunawa. Uliniambia faida ya kazi hiyo ni kwamba hakuna kiroboto anayethubutu kuingia kitandani kwako, na hasara yake ni kwamba hakuna mgeni pia.

Nilichukua ua moja la pareto nikalipasua kwa wembe. Nilitaka kukuonyesha nilichojifunza. Nilikuwa na kiburi cha kuonyesha, siwezi kukana. Nikakueleza kwamba lile tunaloliita ua si ua moja. Kile kitovu cha manjano ni maua madogo mengi yaliyobanana, kila moja na stameni zake na ovari yake, kila moja tayari kufanya mbegu. Hata zile nyeupe za pembeni, zinazofanana na petali za ua moja, kila moja ni ua linalojitegemea. Yanafunguka kwa zamu, mzingo kwa mzingo, kuanzia nje kwenda katikati. "Ni kijiji," nilisema.

Uliliweka nusu ya ua kwenye kiganja ukalitazama. "Basi miaka hii yote nimejaza vijiji kwenye kikapu," ulisema, "na nyapara ananiambia bado hakijajaa." Ukafunika mdomo ukicheka, kama ulivyofanya siku zote, kana kwamba kicheko kilikuwa kitu cha kuazima na mwenyewe angepita akakiona.

Mchana ule tulichoma mahindi. Hindi moja lilikuwa na mapengo, ukaliita la kizee. Nikaanza tena. Nikakuambia zile ndevu za mahindi tunazozitupa, kila unywele una punje yake. Unatoka nje ya maganda kutoka kwenye punje moja, kama uzi uliofungwa kwenye kidole. Juu kabisa ya mmea ziko mbelewele, na hizo ndizo dume. Zinamwaga vumbi la manjano, upepo unalichukua. Chembe moja ikitua kwenye unywele, inaotesha mrija mwembamba usioonekana ndani yake, mrija unashuka njia yote mpaka chini, ndipo punje inapoanza kukua. Palipo na pengo, vumbi halikufika.

Ulikuwa ukiligeuza hindi juu ya makaa. "Na ule unywele ambao haukufikiwa," uliuliza, "ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana," nilisema. "Ulikuwa mzima kama mingine."

Ulilitoa hindi motoni, ukalipuliza, ukanipa lile lisilo na mapengo. Kisha ukasema bila kunitazama, "Hayo mambo, wanafundisha wavulana pia?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wako wa kawaida. Nimelirudia swali hilo mara nyingi tangu uondoke, jikoni, njiani, katikati ya sala, na kila mara uso wangu hupata joto kama mtu aliyesimama karibu mno na makaa.

Muhula wa pili nilifundisha darasa langu somo hilo hilo. Sikulikwepa, lilikuwa katika mpango wa masomo. Shule yetu ina shamba dogo chini ya uzio, upande unaotazama Menengai, na wasichana walikuwa wamepanda mahindi wenyewe. Kabla ndevu hazijachomoza, tulilivika hindi moja mfuko wa karatasi ya kaki tukaufunga kwa uzi. Mengine tuliyaacha. Mbelewele zilipofunguka, upepo wa ziwani ulipuliza kutwa, na lile vumbi la manjano lilitua hata kwenye kola za wasichana. Walijipukuta wakilalamika kwamba ndio kwanza wamefua.

Tulipofungua mfuko, mahindi ya jirani yalikuwa yameshajaa, ndevu zake zimekauka na kuwa kahawia. Ndani ya mfuko ndevu zilikuwa bado hai. Zilikuwa zimerefuka, Senje, zimejikunja na kujizungusha ndani ya karatasi, nyeupe, laini, zina unyevu. Unywele ambao haujapata vumbi haukauki upesi. Unaendelea kukua, unajinyoosha zaidi na zaidi. Nilikuwa nimelisoma hilo kitabuni, mstari mmoja mfupi, lakini sikuwa nimeliona kwa macho. Msichana mmoja mwenye sauti nzito, ambaye kwa kawaida hunichosha, akasema, "Mwalimu, hii ilikuwa inangoja." Wenzake wakacheka. Nikawaambia wachore wanachokiona, nikaenda kusimama kwenye bomba la maji mpaka kengele ilipolia.

Likizo ya mwezi wa nane Nyanya Damari alikuja kwa treni, na kikapu cha ndizi, na neno la ukoo. Neno lilikuwa kwamba Hezroni hawezi kuendelea kupoteza miaka. Baba aliniita kando. "Wewe una mwandiko mzuri," alisema. "Waandikie wazazi wa Perisi waje wamchukue. Kwa heshima. Bila maneno makali." Unajua kwamba barua zote za nyumba yetu hutoka mkononi mwangu tangu nilipokuwa msichana wa kaptula za michezo: za misiba, za arusi, za kuuliza habari za ng'ombe. Nilisema ndiyo, Baba. Midomo ilisema kabla sijaiuliza.

Kisha nikaanza kuchelewesha. Wino umekwisha. Kalamu inavuja. Nina mitihani ya kusahihisha. Baba hakunibana, na nadhani naye alifurahia kucheleweshwa. Kila nilipokwenda landi Jumapili, Perisi alinipa chai katika kikombe kile kimoja kisicho na ufa. Hakujua kwamba barua yake ilikuwa inasubiri mkono wangu, au alijua akanipa kikombe hata hivyo. Nilikinywa. Sijui chai nyingine iliyowahi kunishinda kumeza kama ile.

Jumapili moja, baada ya ibada, Baba aliondoa kitambaa cha meza. "Haya, Mwalimu," alisema. "Leo karatasi." Hezroni alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, tayari na koti lake la kazi kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza mchana. Nyanya Damari alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Baba akimenya ndizi. Perisi alikuwa jikoni, na jiko la landi ni pazia tu.

Nilifungua mkoba wangu nikatoa mahindi mawili nikayaweka mezani. Moja lilikuwa limejaa. Lingine lilikuwa lile la mfuko, ambalo nilikuwa nimelikausha dirishani, gunzi lenye vishimo ambavyo havikupata kitu.

Unamjua Baba na mahindi. Mtu ambaye hulima hata ukanda ule mwembamba kando ya reli, akigombana na mkaguzi kila mwaka. Alilichukua lile tupu akaligeuza. "Hii ilipatwa na nini? Funza?"

"Hakuna funza, Baba. Shamba moja, mbegu moja, mstari mmoja. Nililifunga mfuko, vumbi la juu lisilifikie. Halina ugonjwa. Halikupata vumbi."

Aliendelea kuligeuza. Nilimwona akianza kuelewa. Kidole gumba chake kiliacha kutembea. Niliikalia mikono yangu. Nikasema lililobaki haraka, nikiitazama meza. Nilisema kwamba Perisi alikwenda hospitali peke yake mwaka jana, na daktari akamuuliza mume wake yuko wapi. Nilisema kwamba daktari anataka waje wote wawili.

"Hiyo ni mambo ya mahindi," Nyanya Damari alisema kutoka kitandani. "Mtu si mahindi."

"Nyanya," nikasema, "mwezi wa nne mlisema mtu ni mahindi."

Jikoni mafuta yaliendelea kuchemka. Nyanya Damari aliweka ganda la ndizi juu ya magoti yake, akalikunja mara mbili, kama kitambaa. "Shule imekula huyu mtoto," akasema mwishowe, lakini kwa sauti ya chini, na hakuniangalia.

Hezroni ndiye aliyenivunja. Hakupaza sauti. "Jeneti," alisema, "unanivua nguo mbele ya baba yangu." Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka reli nikienda shule ya chekechea, kwa sababu niliogopa mawe yale yanavyosogea chini ya miguu. Alivaa kofia yake akaenda zamu kabla ya saa yake. Baba alitoka nyuma yake, na kupitia mlangoni nilimwona amesimama kati ya kuku, hafanyi kitu, mgongo wake umenigeukia. Nilikuwa nimemlazimisha mzee asikie kinywani mwa binti yake kitu ambacho hakutakiwa kukisikia hapo. Kama ungekuwepo ungemngoja ashibe. Ungeanza na kuku.

Nilimkuta Perisi kwenye bomba la nje, ndoo imejaa zamani na maji yanamwagika.

"Ungeniuliza kwanza," aliniambia.

Niliinama kuishika ndoo.

"Unajua ukuta wa hapa. Jirani anasikia hata ukivua viatu. Sasa landi yote itajua ati mimi ni mahindi iliyofungwa kwa karatasi." Alifunga bomba. Alikuwa kama mtu anayetaka kulia na kucheka akakosa nguvu ya vyote viwili. "Na hiyo ya hospitali nilikuambia wewe, wifi. Sikuambia meza."

Senje, nilitembea kutoka landi mpaka shuleni bila kuona njia. Nilikuwa nimedhani kwamba aibu yangu ni ya kunyamaza, na kwamba nikisema itaondoka. Nikasema, na nikapata nyingine mpya, kubwa kuliko ile. Nilimtumia Perisi kama nilivyolitumia lile ua la pareto, nikampasua katikati kuonyesha ninachokijua. Jambo lenyewe lilikuwa kweli. Bado ni kweli. Lakini nililibeba kama mtu asiyejua kubeba, likamwagikia wasiohusika. Wewe ulibeba mambo yetu yote miaka mingi na sikumbuki hata tone lililomwagika.

Alhamisi iliyofuata Perisi alikuja kwenye lango la shule, kikopo cha maziwa mkononi kama sababu. Alisema Baba amempa karani wa stesheni kazi ya kuandika barua, na itaandikwa Jumatatu. Alisema Hezroni hasemi kitu. Anakula, analala, anamtazama anapodhani haoni. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Safari hii nilimuuliza. Nilimuuliza anataka nini, nikafunga mdomo nikangoja, na kungoja kulikuwa kugumu kwangu kuliko nilivyofikiri.

"Kwetu siendi," alisema. "Mama atanipokea, halafu atakuwa ananihesabia miezi. Na hapa wananihesabia." Aling'oa nyasi moja akaiviringisha kidoleni. "Nataka kulala mahali hakuna mtu anaangalia tumbo yangu. Hivyo tu. Hata kama ni kwa stoo."

"Na Hezroni?"

"Hezroni nampenda," akasema, kwa hasira, kama mtu aliyeulizwa kama ana miguu. "Akitaka kwenda kwa daktari, tutaenda. Lakini asiende kwa sababu umemtia aibu. Aende akitaka."

Jumamosi mchana nilikwenda landi. Tulitoka kwa mlango wa mbele, jua likiwa juu, wanawake wote wakiwa bombani. Tulishika sanduku lake la bati kila mmoja mkono mmoja. Mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Safari ya wapi, mama?" na Perisi akajibu, "Kwa wifi yangu. Anataka mtu wa kumpikia, hata chai inamshinda." Walicheka. Ni kweli pia.

Baba alikuwa amekaa kizingitini, kiko mkononi, bila moto. Nilimwambia, "Baba, Perisi anakuja kukaa kwangu. Hajaachwa na hajarudishwa. Karani asiandike." Sikuongeza neno, na unajua ni taabu gani kwangu kutoongeza neno. Alikuwa ameziba mlango wote. Alitutazama, akalitazama sanduku, kisha akavuta miguu yake ndani ili tupite. Jambo hilo hajaligusa hadi leo. Lakini Jumatatu karani hakuandika. Nilikwenda stesheni mwenyewe kumuuliza, na akaniambia mzee alipita asubuhi akasema kazi ile iache kwanza.

Hezroni nilimkuta kwenye mlango wa karakana siku hiyo ya Jumamosi, baada ya kumwacha Perisi chumbani kwangu shuleni. Nilimwomba radhi kwa kumsema mbele ya Baba. Sikumwomba radhi kwa nilichosema. Nikamwambia mke wake yuko wapi, na kwamba mlango haujafungwa kwake, aje akitaka kumsalimu tu, na siku akitaka ile safari ya hospitali aseme na Perisi, si na mimi. Alifuta mikono yake ya grisi kwa tambara muda mrefu. Kisha akauliza, "Amebeba ile blanketi ya kijani? Asubuhi anasikia baridi."

Amebeba. Hezroni hajaja bado.

Sijui mwisho wake, Senje. Huenda daktari akasema ni yeye Perisi. Huenda akasema ni Hezroni. Huenda wasiende kamwe, na Nyanya Damari akaja tena na kikapu kingine. Wakati mwingine Perisi akiwa amekaa mlangoni akishona najiambia nimefanya vizuri, na dakika hiyo hiyo nauona tena mgongo wa Baba kati ya kuku. Yote mawili yanakaa ndani yangu na hayasalimiani.

Likizo ijayo nitapanda kuja Keringet. Sitaleta kitabu. Nitapalilia kaburi lako, nitakaa nawe kutwa, na nitawasalimu wenzako wa pareto mmoja mmoja, kwa urefu, kama ulivyotaka watu wasalimiwe. Nitawauliza walikupendea nini, kwa sababu siku ile tulizika haraka na hakuna aliyesema. Na hili nakuahidi: sasa dada wa nyumba hii ni mimi, na kazi yako imeniangukia nikiwa sijaiva. Nitauliza kabla ya kubeba. Nitangoja watu washibe. Lakini nitabeba.

Lala salama, mama yangu mdogo. Hukunizaa na hukuniacha niite hivyo ukiwa hai. Ulisema watu watacheka. Wacha wacheke.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele nikamwambia kwamba chumba changu sasa kina watu wawili. Aliuliza ni kwa muda gani. Nilimwambia ni mpaka wifi yangu atakaposema mwenyewe. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema basi nitahitaji kitanda cha pili, na saa nne kilikuwa kimeshaletwa.

Jeneti